Abiria wa Bwana Falkenrath

Unyayo ulikuwa mmoja tu, wa mguu wa kushoto, umelowa chepechepe katikati ya korido iliyokauka. Muuguzi Oryssia Hnatiuk aliupangusa asubuhi ile ya Jumatatu na hakumwambia mtu, maana wodi ilikuwa tayari na balaa lake: Bwana Brent Falkenrath, aliyetumwa kutoka mji mkuu wa jimbo kuja kuwahamisha wazee.

Falkenrath alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa na huruma isiyojaza kijiko cha chai. Wazee kumi na mmoja, wengine wao wakazi wa hospitali ile ya wagonjwa wa akili tangu ujana, walikuwa wapelekwe makao mapya umbali wa kilomita mia tatu, hospitali ifungwe. Aliwabandika stika za kijani kifuani. Makabati nayo aliyabandika zile zile.

"Bosi, ngoja basi theluji iyeyuke," Oryssia alimwomba. "Tulipowahamisha wengine kwa pupa, watatu walikufa kabla mwezi haujaisha. Waligoma kula, wakazimika."

"Wazee hufa, dada. Ndiyo kazi iliyowabakia."

Oryssia alimtazama kama mtu anavyotazama kitu kilichoganda chini ya kiatu.

Bibi Delphine Arcand, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa pembeni akifuma soksi. Mumewe alimleta pale akiwa na ishirini na tisa, kwa kosa la kulia mno baada ya kujifungua mtoto aliyekufa, na hakurudi kumchukua. Bibi akamvuta Oryssia mkono.

"Mwanangu, yule wa bafuni hana stika."

Wauguzi wa zamani walimjua huyo. Enzi zao mgonjwa mkorofi alitumbukizwa katika maji baridi, akafunikwa turubai lenye tundu la kutolea kichwa. Mwanamume mmoja alisahauliwa humo tangu Jumamosi hadi Jumatatu, akakutwa amekufa. Baada ya hapo wazee wakamwachia kiti kando ya hita na kipande cha mkate, naye akatulia. Kwa miaka kumi na saba Oryssia aliiita hadithi hiyo upuuzi.

Jumanne Falkenrath alikiona kile kiti kitupu, akakitupa kwenye pipa la taka, na mkate wake.

Jumatano mchana Oryssia alikuwa stoo akikunja mablanketi aliposikia harufu ya sufu iliyolowa na sabuni ya dawa, kisha nyayo, chwapu, chwapu, zikija bila haraka upande wa korido, naye akajiambia ni mzee fulani ametoka kuoga, ingawa bafu lile lilifungwa kwa kufuli tangu hajaajiriwa, na nyayo zikapita mlangoni bila mtu kupita, zikaingia, zikasimama nyuma yake karibu kiasi cha tone la maji kumdondokea shingoni na kuteremka polepole ndani ya kola, na sauti ya mwanamume, ya upole, iliyochoka kuuliza, ikamnong'oneza:

"Mimi nakaa wapi?"

Hakugeuka. Alisimama amekumbatia blanketi mpaka harufu ikaisha.

Alhamisi basi lilikuwa mlangoni, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Wazee kumi walipanda. Bibi Delphine aligoma ngazini.

"Sipandi mpaka naye apewe nafasi," alisema taratibu. "Tukimwacha hivi hivi atatufuata kwa hasira, atatumaliza mmoja mmoja."

"Nani tena?" Falkenrath akauliza.

"Wa bafuni."

Falkenrath akacheka, akamkonyeza dereva. "Mwambie apande kwangu, bibi. Kiti cha mbele kiko wazi. Namkaribisha kwa mikono miwili."

Bibi Delphine akamgeukia. "Umesema mwenyewe?"

"Nimesema. Panda sasa."

Oryssia alijua maana ya maneno yale: aliyekaribishwa huja. Alifungua kinywa amwonye. Kisha akaiona ile stika kwenye kifua cha bibi, akafunga kinywa.

Gari la Falkenrath lilitangulia. Oryssia, aliyeketi mbele ndani ya basi, aliona vichwa viwili katika gari lile, cha pili kimeinama, nywele zimegandamana. Baada ya saa moja Falkenrath alisimama kando ya barabara, akatoka akitetemeka. Suruali ilikuwa imelowa hadi kiunoni na tayari inaganda.

"Kahawa imenimwagikia," alisema, meno yakigongana.

Wazee wote walifika, wakala, wakalala. Hakufa hata mmoja.

Mwezi Machi mke wa Falkenrath alipiga simu kwenye makao mapya, ambako Oryssia sasa alifanya kazi.

"Anajaza maji baridi bafuni, anaingia na nguo zake," alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Nikimtoa, anarudi. Anasema kuna mtu anamkandamiza mabega. Ninyi mnalijua jambo hili?"

Oryssia akaziba simu kwa kiganja, akamweleza Bibi Delphine, aliyekuwa akinywa supu.

"Tumeishi naye miaka hamsini na tano, hatukumcheka hata siku moja," bibi akasema. "Mgeni wa mtu simfukuzi mimi."

"Mama, mpeleke hospitali," Oryssia akasema kwenye simu.

"Ipi, dada? Ya wagonjwa wa akili jimbo zima ilikuwa moja, na ameifunga yeye."

Nyuma ya kilio cha yule mama Oryssia alisikia maji yakimwagika sakafuni, kisha mwanamume, kwa sauti isiyo ya Falkenrath, akiimba taratibu kama mtu aliyefika kwake.