Mpiga Ngoma wa Mashine ya Gololi

Hilda wa Mkumbi, jirani yetu, alikuwa fundi wa kupaka rangi sanamu za kanisani. Asubuhi moja aliteremka Mbamba Bay na brashi zake, kama anavyokwenda kazini siku yoyote. Biashara huria ilikuwa imeanza, na Bernadi, mwenye baa karibu na gati, alikuwa ameleta kutoka ng'ambo ya ziwa mashine ya kuchezea gololi za chuma. Chini ya kioo chake walisimama wanamuziki wanne, urefu wa kidole, rangi imewachubuka. Bernadi alitaka wapakwe upya na wawekewe taa.

Hilda hakufuata kazi. Alikwenda na hasira. Mwaka uliotangulia kaka yake, Augustino, kuli wa Bernadi, alikufa ghafla huko ziwani. Bernadi akamleta nyumbani ndani ya jeneza lililopigwa misumari, akakataza lisifunguliwe. "Ameharibika," alisema. Wakamzika bila kumwona uso. Hilda alitaka kumwuliza ana kwa ana.

"Maliza kwanza, dada, tutaongea," Bernadi alimjibu, akamwacha chumba cha nyuma.

Hilda akafungua kioo, akaanza kukwangua rangi ya zamani. Mpiga gitaa, plastiki. Mpiga tarumbeta, plastiki. Mwimbaji, plastiki.

Mpiga ngoma alikuwa na joto.

Akamfuta paji la uso kwa kitambaa. Jasho likatoka tena. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo. Augustino aling'atwa na mbwa sikio hilohilo alipokuwa mdogo, na Hilda ndiye aliyemfunga kidonda.

 Akafunga balbu miguuni pao, akawasha. Vivuli vitatu vidogo vikatokea ukutani. Cha nne kilikuwa cha mtu mzima. Kimeinama. Gunia mgongoni. Kinahema.

Bernadi alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulituzikisha nini?" Hilda akauliza.

"Punguza sauti, dada. Kuna wateja."

"Nimekuuliza, mshenzi wewe! Mama yangu analilia nini pale kaburini?"

Bernadi akasogea karibu. Akanong'ona, "Usimng'oe. Nakusihi. Akitoka hapo ataanza kukumbuka."

"Na akumbuke!"

Akamng'oa kwa koleo. Taa zote zikazimika. Akamfunga kwenye kanga, akapita katikati ya wateja akimtukana Bernadi kwa sauti, na hakuna aliyemzuia.

Ndani ya basi, njiani kurudi Mkumbi, kile kinyago kikaanza kuwa kizito. Kila kilima gari lilipopanda, mapaja ya Hilda yalizidi kufa ganzi. Gari likavuta, likagoma, likavuta.

"Dada, umebeba nini humo?" kondakta akanong'ona.

"Ndugu yangu."

Kondakta akasogea mlangoni.

Nyumbani aliwaita vijana wa ukoo wafukue kaburi. Ndani ya jeneza walikuta mgomba mkavu, umevishwa shati la Augustino, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Mama yao, Walburga, hakulia. Alikitoa kile kipande cha mgomba kwa mikono yake, akakitupa pembeni kama uchafu. Kisha akampokea mpiga ngoma, akamwita kwa jina lake la ubatizo, akamlaza jenezani apumzike. Vijana wakafukia, wakasakafia juu kwa saruji.

Asubuhi saruji ilikuwa na nyayo.

Nyayo za mtu mzima, peku. Zilianzia katikati ya kaburi, zikashuka kwenye udongo mwekundu. Hazikuelekea nyumbani. Zilishika njia ya ziwani.

"Zifute, mwanangu," Walburga alinong'ona. "Watu watatuonaje?"

Saruji ilikuwa bado mbichi. Hilda akachukua mwiko, akapiga magoti kando ya nyayo. Kisha akautupa mwiko kwenye migomba.

"Mwache aende," alisema. "Ana la kumwuliza mtu."

Saruji ikakauka hivyo hivyo. Nyayo zipo mpaka leo, ukipita Mkumbi utaonyeshwa. Zote zinakwenda. Hakuna hata moja inayorudi.