Jina Lililonyamazisha Mashine

Jua lilikuwa likizama upande wa mji wa Soy wakati Benta Atieno alipofika kazini kwenye ghala la mahindi, akiwa na siri ya siku moja tumboni. Asubuhi hiyo, kwenye kliniki moja ya Kimumu, alikuwa ameambiwa ana mimba. Mumewe, Byron Odero, fundi wa ghala hilohilo, alikuwa bado hajui. Benta alipanga kumwambia wakishafika nyumbani, chai ikiwa mezani.

Chumba cha mitambo kilikuwa kikilia.

Ti... ti... ti...

"Shemeji, karibu kwa matanga," alisema Austine Okumu bila kuinua macho. Ndiye aliyeletwa kuweka programu mpya ya AI: msaidizi asiye na mwili, aliyepewa ruhusa ya kutazama kila dirisha la terminali ambamo amri za ghala huandikwa, na kuandika amri mwenyewe inapobidi. Tangu mchana msaidizi huyo alikuwa amekataa kazi. Alilia tu.

"Huyu ni mtoto hajapewa jina," Austine akacheka. Akafanya kama wanavyofanya akina nyanya wa kwao, wanaomwitia mtoto majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze. Akaandika la babu yake, Nyandiga. Ti... ti... Akaandika Ajwang'. Ti... ti...

Kisha akaandika Opondo.

Kimya.

Benta alilijua jina hilo. Opondo Aringo alikuwa kibarua wa hapahapa. Mwaka uliopita alishuka ndani ya silo ya pili, tangi refu la nafaka, kuvunja mahindi yaliyoganda ukutani. Mota ya chini, inayotoa mahindi, ikawashwa, na mahindi yakamzamisha mpaka yakamfunika uso. Alizikwa bila mke, bila mtoto.

"Futa," Benta alinong'ona. "Aliyekufa vibaya haitwi kwa mtoto."

"Si mtoto, shemeji. Ni programu. Na imenyamaza, ama?"

"Byron yuko wapi?"

Austine alielekeza kidole nje. "Silo ya pili. Mahindi yameganda tena."

Zamani, mtu akishuka humo, alikuwa na ufunguo wa mota mfukoni mwake. Tangu mota ziingizwe kwenye kompyuta, ufunguo haukuwa na kazi. Benta alinyakua redio ya mkono.

"Byron, panda juu. Sasa hivi."

"Nyar Alego, hata salamu hakuna?" Alipenda kumtania hivyo, binti wa Alego. "Wacha nimalize upande huu..." Redio ikakwaruza. "Ngoja. Mguu umeshikwa."

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Mahindi yaliyochacha... na chini yake kitu kingine, kitamu, kilichooza.

Kwenye skrini, dirisha lilifunguka. Herufi zikatoka polepole, kama za mtu anayebonyeza kwa kidole kimoja.

WASHA MOTA 2

Amri ilikuwa kamili. Ilibaki kuthibitishwa tu.

"Austine, acha mzaha."

"Sijagusa!" Mikono yake ilikuwa kifuani. Alifunga dirisha. Likafunguka tena. Akachomoa kibodi.

Herufi ziliendelea.

AMEZAMA HADI MAGOTI

Swichi kuu ya umeme ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Benta akageukia mlango.

USIKIMBIE. UKO NA MTOTO

Austine alimtazama. "Mtoto gani?"

Benta hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alirudi taratibu mbele ya skrini, akauliza kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini kama anayeongea na mgonjwa, "Unataka nini?"

HAKUNA ANAYENIITA

"Benta..." Byron alikuwa akihema redioni. "Mahindi yamefika kiunoni. Mota imezimwa, sindio? Niambie imezimwa."

Benta akaelewa. Kwao, marehemu anayetaka mtoto aitwe jina lake huja kuomba ndotoni. Opondo hakuwa na mtu wake wa kumjia ndotoni. Sasa, kwa kuitwa kwenye mashine, alikuwa amefunguliwa mlango mwingine.

"Nitakuita," alisema. "Mtoto wangu ataitwa Opondo. Mwachilie baba yake."

Hakuna kilichosogea. Kisha amri ikaanza kujifuta, herufi moja moja, kutoka mwisho.

Byron alipochomoka mahindini na kushuka ngazi ya silo walipokuwa wakimngoja, Austine alikuwa ameshapata maelezo, akiyasema harakaharaka. Programu ilikuwa imefundishwa kwa jumbe za zamani za wafanyakazi, na za Opondo zilikuwa humo. Huenda ilikuwa ikirudia maneno tu.

"Na mimba, imejuaje?" Benta aliuliza.

"Labda ulitafuta kitu kwa simu. Simu yako imeunganishwa na intaneti ya hapa."

"Labda," Benta alisema. Simu yake ilikuwa imezimika tangu asubuhi.

Byron alikaa kwenye ngazi, vumbi la mahindi likiwa jeupe kwenye nyusi zake. Hakuomba maji. Alikuwa akitazama tumbo la mkewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Nani amekuambia?"

"Yule aliyenishika mguu." Aliongea polepole, kama anayejitahidi kutoa ujumbe jinsi alivyopewa. "Amesema asante. Amesema ni mvulana."

Upepo wa jioni ulipita kati yao.

"Na amesema tukimlaza mtoto, tusimfunike uso. Hapendi."