Mtoto wa Qarwapata

Sanduku lilikuwa tupu. Mifupa ya mtoto iliyofukuliwa Qarwapata, kijiji kilichokufa kabla Wainka hawajaitawala milima ile, ilikuwa imetoweka ghalani.

"Kufuli halijavunjwa," alisema Inspekta Wilber Ccorimanya. "Ufunguo hukaa wapi?"

"Jikoni, kwenye msumari." Daktari Ibáñez, mkuu wa uchimbaji, alikuwa akitweta. Mtu wa Lima huyo, jiji la pwani, alikuwa hajauzoea mwinuko. "Ni wezi wa makaburi, Inspekta! Wanauza ng'ambo."

"Wakaacha vyungu vya rangi, wakabeba mifupa? Basi wezi wako ni wajinga, Daktari."

Alama za vidole sandukuni zilikuwa za kambi nzima. Hazikumsaidia kitu. Inspekta akateremka mtoni kunawa uso.

Juu ya mawe palianikwa sweta na sketi za mtoto. Kwa desturi ya milima ile, marehemu akishazikwa, nguo zake hufuliwa mtoni. Pasipo maziko hazifuliwi. Na mwaka ule hakuna mtoto aliyefariki pale.

Mama Fortunata, mpishi wa wachimbaji, alikuwa akikamua fulana ndogo.

"Nguo za nani, mama?"

"Za Yanira, binti yangu."

"Yuko wapi?"

"Waulize wanajeshi. Wakati wa vita na waasi walimpiga risasi mlangoni pangu, wakamtupa kwenye lori pamoja na wengine. Alikuwa na miaka sita."

"Na mtoto wa ghalani?"

Hakukana. "Nimemzika nyuma ya nyumba."

"Mama, yule alikufa zaidi ya miaka elfu iliyopita!"

"Unadhani nimerukwa na akili, mwanangu? Najua si Yanira. Lakini naye alikuwa mdogo vilevile, na mifupa yake ipo. Walitaka kumpeleka Lima wakamweke kabatini. Nikasema, angalau huyu nimzike. Miaka yote nguo hizi zimekaa kikapuni, nazitazama tu."

Inspekta alizitazama zile nguo juu ya mawe.

"Huyo wenu kapotea asubuhi," mama aliendelea, "mchana umeshafika na gari na askari. Mimi nilikuja kituoni kwenu nikalia mpaka nikafukuzwa. Wangu nani alimtafuta?"

"Hakuna, mama."

"Haya. Nifunge pingu basi."

Hakumfunga. Lakini mifupa ilikuwa mali ya serikali, na yeye alikuwa polisi. Alipiga magoti nyuma ya nyumba akafukua kwa mikono, machozi yakimdondoka bila kuyafuta. Mtoto alikuwa amefungwa katika blanketi jipya, na majani ya koka ya kumsindikiza kifuani.

"Na blanketi mnachukua?"

"Hapana, mama. Hilo lako."

Alilipokea, akalikung'uta udongo. Kisha akarudi mtoni, akaziokota nguo za Yanira moja moja, zikiwa bado zinachuruzika maji, akazirudisha kikapuni.