Walisema Sindano Ingemuua Mwanangu

Nina miaka ishirini na sita, naishi Butimba hapa Mwanza, na sina mpango wa kumsamehe mama mkwe wangu. Msinihubirie! Nisikilizeni kwanza...

Mwanangu Baraka alikuwa na miezi saba. Aliamka na homa kali. Mume wangu alikuwa kazini mgodini, na mama yake alikuwa amekuja kutoka Magu kututembelea. Nikiwa najiandaa kwenda hospitali, mtoto akageuza macho juu, akakakamaa, mkono wa kulia ukaanza kurukaruka, mapovu yakamtoka... Jamani, mama gani angetulia?

Nikambeba. Mama mkwe akanipokonya, akafunga mlango, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake.

"Hili ni degedege. Ukimchoma sindano, unamzika," akaniambia.

Nikampigia mume wangu nikilia. Akanijibu nimsikilize mama, kwani amelea watoto tisa. Tisa! Na wawili aliowazika je? Mmoja aliondoka na degedege hilohilo, na hakuna anayethubutu kulitaja.

Mama akawasha jiko, akatupia kinyesi cha tembo kilichokauka, ati moshi wake ndio dawa ya degedege. Kumbe alisafiri nacho! Akamfunika mtoto shuka amfukize. Mtoto anakoroma, anahangaika kuvuta pumzi, halafu moshi juu yake! Nikabembeleza, nikapiga magoti. Wapi! Akasema wasichana wa mjini tuna haraka.

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi niliyempigia magoti kila asubuhi kwa shikamoo, nikaivuta ile khanga ikamtoka, nikachukua ufunguo, nikambeba mwanangu, nikafungua mlango. Alinilaani kwa Kisukuma mpaka nafika barabarani. Sikugeuka. Nikapanda bodaboda, mtoto kifuani akiwa bado anatetemeka.

Hospitalini walimwekea oksijeni, wakamchoma sindano ya kutuliza degedege. Akatulia! Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Daktari akauliza lilianza saa ngapi. Nilipomweleza kuwa ni karibu saa nzima, aliinamisha kichwa, akasema degedege refu namna ile linaharibu ubongo.

Baraka yuko hai. Ametimiza miaka miwili, hajaweza kukaa mwenyewe, na mkono wa kulia haushiki hata kijiko. Na bibi yake anatangaza Magu nzima kwamba sindano ndiyo iliyomlemaza...

Ukoo ukaitisha kikao. Mnadhani walimjadili mtoto? Walijadili khanga! Mume wangu alinitaka nipeleke mbuzi, niombe radhi kwa kumvua mama yake nguo. Nilikataa. Akafungasha nguo zake akaenda kwao.

Wanawake wenzangu, mtoto akikakamaa mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Msingoje ruhusa ya mume wala ya mkwe. Mimi nilibembeleza kwa adabu zote nilizofundishwa, na adabu hizo ndizo zilizokula mkono wa mwanangu.