Pumzi za Dude la Khunbing

Biskuti alizowekewa marehemu asubuhi, kufika adhuhuri zilikuwa zimelainika kama ulimi.

Mama Siukim akazibonyeza kwa kidole. "Wewe Khunbing, si ulisema mashine yako itakausha humu ndani?"

"Mama nawe! Dude hilo linapoza soko zima la samaki. Kichumba hiki kwake ni kifungua kinywa."

Na kweli lilikuwa dude, limejaa ukuta mzima wa jumba la kuhifadhia majivu ya wafu. Keelung, mji huu wa bandari wa Taiwan, mvua haiji, inakaa. Kuta zilitoka jasho, na mtungi wa majivu ya baba yake Khunbing, aliyekufa maji bandarini, ulikuwa umeota ukungu shingoni. Mwana akaapa baba hatalowa mara ya pili, akaleta kiyoyozi kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufunga.

Sasa, fundi yeyote anajua: mashine ikizidi chumba, inapoza upesi na kujizima kabla haijakamua unyevu hewani. Baridi inabaki, maji yanabaki. Khunbing naye alijua. Lakini mashine ndogo ni za mafundi wadogo, na yeye, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa mdogo wa mtu.

Kabla hajalifunga dude hilo, Mzee Liau, mtunza jumba, alimwambia amuulize marehemu kwanza. Akampa vibao viwili vyekundu vya umbo la mwezi mchanga, vya kurushwa sakafuni. Vikianguka kimoja chali na kimoja kifudifudi, marehemu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anakucheka.

Vikaanguka vyote chali. Khunbing akarusha tena. Chali.

"Acha, kijana," alisema Mzee Liau.

"Mzee, baba alikuwa mtu wa utani. Namjua." Akarusha na kurusha hadi akapata alichokitaka, kisha akamkonyeza mzee. "Umeona? Wafu nao ni wa kubembelezwa tu."

Basi dude likafanya kazi. Hhhff, linavuta. Tak, linajizima. Kimya. Hhhff. Tak. Ungedhani ni mtu anayeibuka majini mara moja, halafu anazama. Mitungi ikaanza kutiririka. Hewa ikanuka mwani na mafuta ya meli, na jumba lenyewe liko juu mlimani, bahari huioni hata ukipanda paa.

Mama Siukim alikuwa akienda kila siku kukaa na mumewe. Akaanza kukohoa. Siku moja alitema maji kwenye bakuli la uji, Khunbing akayagusa kwa ncha ya ulimi. Ya chumvi.

"Mama, usiende tena kule."

"Baba yako anasikia baridi, mwanangu. Ananiambia nisogee."

Jioni Khunbing akampigia simu Mzee Liau, mama amelala kando yake, na kabla mzee hajasema hata haloo alilisikia dude likivuta kule mlimani, hhhff, na palepale kitandani kifua cha mama kikapanda, na dude likajizima, tak, na kifua kikasimama, na kimya cha kwenye simu na kimya cha kitandani kikawa kimya kimoja, kirefu, chenye harufu ya mwani, mpaka dude lilipovuta tena na mama naye akavuta.

"Mzee!" alinong'ona. "Izime! Izime sasa hivi!"

Kukasikika mlio wa swichi. Midomo ya mama ikageuka buluu.

"Washa! Washa, Mzee, nakuomba!"

Hhhff. Mama akavuta pumzi, na maji yakamtoka puani.

"Umemzamisha baba yako mara ya pili," Mzee Liau alisema polepole. "Aliyekufa maji hatoki majini mpaka apate wa kumwachia nafasi. Alikuwa ameshakauka, kijana. Ameshatulia."

"Nifanyeje?"

"Ungeniuliza siku ile."

Khunbing akambeba mama mgongoni, akapanda naye mlima kwenye mvua. Kilichomlowesha shingo hakikuwa mvua. Kilikuwa cha uvuguvugu, na kilikuja kila mama alipopumua. Akamlaza chini ya dude, akapiga magoti mbele ya mtungi.

"Baba, nichukue mimi. Mama mwache. Mimi nina nguvu, baba, nitakushikia nafasi vizuri."

Akarusha vibao. Vyote chali.

"Sitanii, baba."

Vyote chali.

Mzee Liau aligeuka akatazama ukuta. Khunbing akaviokota. Si ndiye aliyezoea kurusha hadi apate? Akarusha hadi vibao vikameguka pembe, na kila mara vilimcheka, na nyuma yake dude lilivuta na mama akavuta, kila pumzi fupi kuliko iliyotangulia, kwa sababu chumba kilikuwa kimeshapoa.