Vidonge Ndani ya Kopo la Poda

Kila Jumamosi Chiriku aliamka mapema kufungua madirisha ya saluni. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na ukuta ambao baba yake, fundi wa kupaka rangi nyumba za watu, alikuwa ameahidi kuupaka tangu Chiriku akiwa darasa la pili. Msichana alifagia, akapanga vitana, akachambua rasta, nywele za bandia za kusukia, na kuzining'iniza kwenye misumari, nyembamba huku na nene kule, ili mama akinyoosha mkono tu apate anachotaka. Kazi hiyo aliifanya huku akiongea. Aliongea na ufagio, na kioo, na paka wa jirani. Ndiyo maana shangazi yake alimbandika jina la Chiriku, nalo likaganda.

Mama yake alikuwa msusi, tena si wa kubahatisha. Mistari yake ilinyooka kama iliyopigwa rula, na vidole vyake vilikwenda mbio hata mteja akisinzia kidogo, akizinduka anakuta nusu ya kichwa imekwisha.

"Wewe Mama Chiriku, hivyo ni vidole au mashine?" wateja walimtania.

"Mashine inataka umeme," alijibu mama. "Mimi nataka chai tu."

Kisha ukaja ugonjwa. Ulianza kwa damu kwenye mkojo, ambayo mama aliipuuza kwa sababu haikumuuma. Alipokubali kwenda hospitali, figo yake moja ilikuwa na uvimbe mkubwa wa saratani. Madaktari waliitoa figo ile, lakini saratani ilikuwa imeshasambaa hadi kwenye mapafu.

Daktari wa saratani, mwanamume mrefu aliyependa kuchora anapoeleza, alichora duara na vijistari vinavyoingia ndani yake.

"Huu ni uvimbe," alisema. "Na hii ni mishipa ya damu inayoulisha. Vidonge nitakavyokupa vinalenga njia ambazo uvimbe unatumia kukua na kujitengenezea mishipa hii. Tukiunyima chakula, unadhoofika."

"Utaisha?" aliuliza mama.

Daktari aliweka kalamu chini. "Sitakudanganya, mama. Tunataka usikue, na ikiwezekana upungue. Wapo wanaoishi na dawa hii muda mrefu. Lakini ni ya kumeza kila siku, na ina maudhi yake. Ikikuudhi, niambie. Usiamue peke yako."

Mama aliitikia kwa kichwa, na Chiriku, aliyeketi kando yake, naye akaitikia kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Baada ya muda nywele za mama zilianza kuota nyeupe, kisha nyusi, kwa sababu dawa ile huweza kufifisha rangi ya nywele. Mama alijitazama kwenye kioo akacheka. "Sasa wateja watadhani niliwasuka bibi zao." Picha ya mapafu ilipopigwa, madoa ya saratani yalikuwa yamepungua. Siku hiyo baba aliimba bafuni, jambo ambalo majirani hawakulifurahia.

Halafu ikaja zamu ya mikono. Viganja vya mama vilikuwa vyekundu, vikawaka moto kama vya mtu aliyeipua sufuria bila kitambaa. Ngozi ikatoa malengelenge, ikabambuka. Nyayo nazo zilikuwa hivyo hivyo, hata akawa anatembea chumbani kwa kukanyaga kisigino tu. Rasta nyembamba, ambayo zamani ilipita kati ya vidole vyake kama maji, sasa ilimkata kama wembe.

"Mama, mwambie daktari," alisema Chiriku.

"Nikimwambia ataniondolea dawa. Si umeona picha? Madoa yamepungua. Nyamaza."

Jumamosi moja alikuja muuza vitambaa, mteja wao wa miaka mingi. Mama alikuwa amefika nusu ya kichwa chake pale yule mwanamke alipoona kiganja kwenye kioo. Aligeuka ghafla.

"Mkono wako una nini?"

"Ni dawa tu, dada. Inachubua ngozi."

"Dawa gani inambabua mtu hivyo? Hainiambukizi?"

"Hapana, dada. Saratani haiambukizi, na dawa yake haiambukizi."

Muuza vitambaa alishasimama. Alifunga kilemba juu ya nusu iliyosukwa na nusu ambayo bado, akasema atamalizia siku nyingine, na akatoka bila kuaga vizuri. Maneno yake yalitangulia mbele yake mtaani. Wiki iliyofuata viti vyote viwili vilikaa vitupu, na mama alikaa mlangoni, mikono ameificha kwenye khanga, akitazama wanawake wakipita kwenda kusukwa kwingine.

Asubuhi moja Chiriku aliingia chumbani kwa wazazi wake kutafuta poda. Alipofungua kopo na kuingiza kidole, aligusa kitu kigumu. Alimimina kidogo mkononi. Vilikuwa vidonge vya mama, vingi, vimejaa poda.

"Rudisha," ilisema sauti nyuma yake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuonekana mkali. Alionekana amechoka.

"Mama, humezi?"

"Napumzika kidogo. Mikono ikipona nitaanza tena."

"Lakini daktari alisema usiamue peke—"

"Daktari hasuki nywele." Mama aliketi kitandani. "Mwanangu, baba yako akijua, daktari atajua kabla chai haijapoa. Mdomo wako naujua. Safari hii ufunge. Nifanyie hilo tu."

Chiriku akaufunga. Yeye aliyeshindwa kunyamaza hata wakati wa mtihani, siri hiyo aliibeba shuleni na kurudi nayo, na mwalimu wake akadhani anaumwa koo.

Jambo baya kuliko yote ni kwamba wiki zile zilikuwa tamu. Ngozi ya mama ilipona. Hamu ya chakula ilimrudia. Wateja walirudi mmoja mmoja, na muuza vitambaa naye akarudi, akaketi kitini kana kwamba hakuna lililotokea. Jumapili moja mama alimketisha Chiriku sakafuni, akambana kwa magoti, akamsuka mistari myembamba kama ya zamani, vidole vikikimbia. Chiriku alifumba macho na kutamani vile vidonge vibaki kwenye kopo daima. Baadaye wazo hilo lilimchoma kuliko uongo wowote aliowahi kusema.

Siku ya kliniki ilipofika, daktari aliuliza kama kawaida, "Unameza kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Daktari alivitazama viganja, akatabasamu. "Mwili wako umeizoea dawa vizuri." Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, mkaguzi wetu, unashuhudia?"

Chini ya meza, goti la mama liligusa lake.

"Ndiyo, daktari," alisema Chiriku. "Kila siku."

Mama hakuanza tena kumeza. Kila mara kulikuwa na sababu: leo ana wateja wengi, kesho kuna harusi, acha wiki hii iishe. Kisha akaanza kukohoa. Akawa anashika ubavu akiinama kuokota kitana. Alipokwenda kupigwa picha nyingine, baba aliacha kazi akafuatana nao, suruali yake ina matone ya rangi ya mlango wa mtu.

Daktari aliweka picha kwenye taa ya ukutani, akaitazama muda mrefu.

"Madoa ya mapafu yamekuwa makubwa," alisema. "Na kuna jingine jipya, hapa kwenye mbavu. Maana yake dawa hii imeshindwa. Nitaifuta, tujaribu nyingine. Nisiwafiche: baada ya hiyo, sina nyingi za kuwapa."

"Imeshindwaje?" baba aliuliza. "Mimi mwenyewe humwekea maji kitandani kila asubuhi. Anameza kila siku!"

Mama alitazama sakafu. Chiriku alimsubiri aseme. Alimsubiri kwa moyo wote. Daktari alichukua kalamu, akaanza kuandika.

"Hajameza," alisema Chiriku.

Kalamu ikasimama.

"Vidonge vimo kwenye kopo la poda. Aliacha kwa sababu ya mikono. Mimi nilijua, na siku ile nilikudanganya."

Baba aligeuka taratibu, na aliyemtazama hakuwa mama. "Ulijua?" alimuuliza Chiriku. "Ulijua, na mimi nikaendelea kuweka maji?"

Chiriku alisogea karibu na mama yake.

"Mtoto hana kosa," alisema mama kwa sauti kavu. "Nilimziba mdomo mimi. Mikono ile haikuweza kusuka, daktari. Haikuweza hata kufunga kifungo. Ulitaka niishi nikifanya nini?"

"Nilitaka uniambie," daktari alijibu. Hakupandisha sauti. "Kuna mafuta ya kupaka. Kuna viatu laini. Kuna kupumzisha dawa kwa siku tunazopanga pamoja, na kuna kupunguza dozi. Wagonjwa wangu wengi wanameza dozi ndogo kuliko ile waliyoanza nayo, na bado inawasaidia."

"Usingeninyang'anya?"

"Nisingekunyang'anya. Ningeipunguza."

Mama alifumbua mdomo, akaufumba. "Kwa hiyo ningeweza..." alianza, na hakumaliza.

"Ndiyo, mama," alisema daktari kwa upole. "Pengine ungeweza."

Kisha alimwambia Chiriku kwamba neno lake limezuia kosa kubwa, kwa kuwa alikuwa karibu kuitupa dawa ambayo haikujaribiwa sawasawa. Wangeianza tena, kwa dozi ndogo, kwa uangalizi wa karibu. "Ila kilichokwisha kukua," aliongeza akiwatazama wote, "siahidi kwamba kitarudi nyuma."

Siku zilizofuata mama alimpakulia Chiriku chakula, akamfulia sare, lakini hakumsemesha. Baba alilihamisha kopo la poda, akalitupa. Chiriku alifagia saluni bila kuongea na mtu, wala kioo, wala paka.

Alasiri moja mama alimwita. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, kopo la mafuta ya hospitali liko kando.

"Nipake nyayo. Mimi siwezi kuinama, ubavu unanikataza."

Chiriku alipaka taratibu, akikwepa sehemu zilizochubuka.

"Nilikukasirikia kwa sababu ulisema mbele ya baba yako," mama alianza. "Halafu nikakasirika kwa sababu ulisema wewe, na mimi mtu mzima nikakaa kimya. Hasira hiyo ya pili ndiyo iliyonikalia vibaya." "Figo ilichukuliwa na saratani. Lakini kumfundisha mwanangu kumdanganya daktari, hilo sikufanyiwa na mtu. Nilifanya mwenyewe."

"Mama, utapona?"

"Hapana," alisema mama. "Sidhani. Ila leo nimemeza."

Picha iliyofuata ilionyesha kwamba madoa yameacha kukua. Hayakupungua. Lile la kwenye mbavu lilibaki palepale, na lilimuuma mama kila alipocheka, hata watu wakajizuia kumchekesha. Kwa dozi ndogo na mafuta, viganja vyake vilikuwa vyekundu lakini havikupasuka. Alisuka mistari minene tu, mteja mmoja au wawili kwa siku, na anayetaka nyembamba alimwelekeza kwingine bila kinyongo. Baba alisamehe, lakini sasa alisimama mlangoni kila asubuhi mpaka mama ameze, na mama alimfungulia mdomo kama mtoto, na hakuna aliyecheka.

Siku moja wakiwa kwenye benchi la kliniki, aliketi karibu nao dereva wa malori, mtu wa miraba minne, nyusi zake nyeupe kama pamba. Alikuwa amekuja akikanyaga kisigino tu, mikono ameizamisha mifukoni. Mama alimtazama, kisha akanyoosha viganja vyake mbele ya macho ya yule mtu.

"Kaka, na yako iko hivi?"

Dereva alisita. Kisha akatoa mkono mmoja. Ulikuwa umebabuka vibaya.

"Sijamwambia," alinong'ona. "Nikisema siwezi kushika usukani, si wataniondolea dawa? Nimeanza kuiruka siku za safari."

"Mwambie leo," alisema mama. "Mimi nilinyamaza nikidhani naokoa kazi yangu, na mtoto huyu nikamnyamazisha. Daktari akapewa uongo, na kwa uongo huo nusura anitupie dawa yangu. Siku nilizoziruka hazikurudi, kaka. Uvimbe uliokua siku hizo ninao, uko hapa ubavuni. Daktari anaweza kupigana na ugonjwa. Hawezi kupigana na kitu unachomficha."

Dereva aliutazama mkono wake, na safari hii hakuurudisha mfukoni.

Muuguzi alimwita mama. Ndani, daktari alifungua faili na kuuliza, "Haya, mama. Wiki hizi zimekuwaje?"

"Si mbaya," alisema mama. Kisha akavuta pumzi, akamgeukia Chiriku. "Muulize huyu. Mimi nina tabia ya kupunguza maneno."

Daktari alimtazama msichana, akasubiri.

"Anameza kila siku," alisema Chiriku, "lakini mdomo una vidonda, tangu juzi hajala chochote kigumu, na jana alianguka bafuni akatuambia ameteleza. Hakuteleza."

Mama alifumba macho. Kisha, polepole, akaitikia kwa kichwa, na daktari akaanza kuandika.