Chuma Kisimani

Waya wa mtandao hauna sababu ya kutoa maji. Lakini Murithi alipouchomoa nyuma ya seva ya hospitali asubuhi ile, ncha yake ilidondosha tone lenye harufu ya tope la kisima. Ni Wajir, kiangazi, chumba chenye kiyoyozi. Akaufuta kwa shati, akachukua waya mwingine.

Seva hiyo ni sanduku moja la chuma lililobeba seva nyingine nne ndani yake, za programu tu, zisizo na mwili wa kushikika. Huko ndani zote zilikuwa sawa. Kilichozimika ni taa ya tundu la waya, na ndani ya seva ilikuwa imekwama picha ya ndani ya kichwa cha Ugbad, mtoto aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki. Daktari wa upasuaji alikuwa Garissa akiisubiri, amwelekeze mwenzake wa Wajir mahali pa kutoboa fuvu. Bila mtandao hakuna kioo cha kompyuta kilichoweza kuifungua, na mashine ya kupiga picha nyingine haifanyi kazi bila seva.

Mama yake Ugbad, Rukiyo, ndiye aliyekuwa akifagia ofisi hizo. Alisimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Mhandisi, wiki jana uligonga nini huko nyuma?"

"Chuma cha kuteremsha radi ardhini."

"Kwa kisima?"

Murithi akajitia hamnazo. Alitakiwa achimbe shimo, alijaze makaa na chumvi, maana ardhi ya Wajir ni kavu mno kupokea radi. Uvivu ukamshika. Akaona kisima cha zamani kilichozibwa kwa mawe, akachungulia, akakuta unyevu, akakipigilia chuma humo, akakiunga na seva kwa waya na kufunika.

"Kitoe," Rukiyo alinong'ona. "Hiyo kisima iko na wenyewe."

"Mama Ugbad, hapa tunafanya kazi ya kitaalamu."

Utaalamu gani? Aliogopa mkubwa wake ajue. Barua ya uhamisho wake kwenda Meru ilikuwa mezani kwa huyo mkubwa, ikingoja sahihi tu, na mwanamume aliyechoka na jua la ugenini hataki maswali.

Basi akabadilisha waya, akabadilisha tundu, akabadilisha swichi. Kila mara taa iliwaka kidogo, ikafa. Mwishowe akachomoa nyaya zote. Hapo ndipo taa ikawaka kijani, imara, pasipo waya wowote, na kutoka kwenye lile tundu tupu akasikia kamba ikisuguana na jiwe, ndoo ikigonga ukuta wa kisima, maji yakimwagika mbali sana chini, na pumzi nzito ya mtu aliyelaliwa na mzigo, ikipanda na kushuka pamoja na feni za seva, mpaka yeye mwenyewe akajikuta anapumua nayo na hawezi kuiacha.

Rukiyo alikuwa amemwita mjomba wake, Dekow, dalali wa ngamia, ambaye babu zake ndio waliochimba kisima. Dekow alikata simu ya bei za ngamia, akatega sikio ukutani.

"Mwenye kisima anasema maneno moja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Chuma iko kwa kifua yangu."

"Abti, mwambie tunatoa," Rukiyo alimsihi mjomba wake.

"Nipeni muda," Murithi alisema. "Nijaribu waya mmoja wa mwisho."

Ukafuata mwingine, na mwingine tena. Adhuhuri ikapita, naye bado anajaribu, jasho likimtiririka ndani ya baridi ya kiyoyozi. Muuguzi alipokuja kusema mtoto ameacha kuitikia jina lake, ndipo Murithi akakimbia nyuma ya ukuta, akaking'oa kile chuma. Kilitoka kwa urahisi, kimelowa, cha moto. Dekow akasoma dua, akaomba radhi kwa Kisomali, akarudisha mawe. Ile pumzi ikakoma.

Nyaya zikarudishwa, taa ikawaka, picha ikaenda. Garissa wakapiga simu upesi. Daktari alisema damu imeshaujaza ubongo, na kama angeipata picha kabla ya adhuhuri angewaambia watoboe.

Ugbad alizikwa jioni hiyohiyo. Mtandao haujakatika tena, na Murithi alisifiwa, sahihi ikapatikana. Siku ya kuondoka alimkuta Rukiyo akifagia chumba cha seva.

"Pole, Mama Ugbad. Yule jini alikuwa mbaya."

Rukiyo hakuinua kichwa.

"Yule alisema shida yake asubuhi, mhandisi. Alipotolewa chuma akaenda zake. Mtoto yangu hakuuliwa na yeye."

Akaendelea kufagia mpaka kwenye viatu vya Murithi, akangoja avisogeze.